Ndoo Mbili na Nusu Saa: Nguvu za Uzeeni Chini ya Uluguru

Alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni, njia zinazoshuka kutoka Uluguru hadi Morogoro mjini huwa tayari zina watu. Wengi ni akina mama, na kichwani wamebeba mikungu ya ndizi, mihogo, matenga ya mboga. Ukiwatazama vizuri utaona wamo wenye wajukuu wanaosoma sekondari. Hushuka kwa miguu hadi Soko Kuu la Chifu Kingalu, wakauza walichonacho, na alasiri wakaupanda mlima uleule na sukari, chumvi na sabuni. Mji uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Lupanga, kinachoonekana kutoka karibu kila mtaa, kina mita 2,138. Anayelima kwenye miteremko hiyo hana siku ambayo miguu yake imekosa kazi.

Huku chini mambo ni mengine. Mitaa ya mji ina walimu wastaafu, makarani, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, watu waliofanya kazi reli na viwandani. Mtumishi wa umma anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55, na wengi hulazimika kustaafu wakifika 60. Wengi wanaondoka ofisini wakiwa na akili timamu, uzoefu wa miaka thelathini na zaidi, na magoti yanayolalamika kila wakiinuka kwenye kochi. Kati ya bibi wa Uluguru anayepanda na mzigo na mstaafu wa mjini anayejivuta kwa mikono ili asimame, pengo haliletwi na umri. Mara nyingi umri wao ni mmoja.

Mimi ni mzee ninayenyanyua vyuma, na sioni haya kusema kwamba jambo hili nalishikilia kwa moyo wangu wote. Nguvu zilizopotea mjini zinaweza kurudi, hata baada ya miaka 70, na muda unaohitajika ni mdogo kuliko watu wanavyodhani: kiasi cha nusu saa, mara mbili kwa wiki. Sharti ni moja, nalo ndilo linaloogopwa. Mzigo uwe mzito kwa yule anayeuinua, na uongezwe kadiri anavyouzoea.

Tuanze na kinachotokea mwilini. Kuanzia miaka ya thelathini binadamu hupoteza misuli polepole, asilimia 3 hadi 8 kwa kila muongo, na baada ya miaka 60 kasi huongezeka. Nguvu hupungua haraka kuliko hata misuli yenyewe, na miguu ndiyo huumia zaidi. Nyuzi za misuli zinazotangulia kusinyaa ni zile za kasi, zinazomwokoa mtu anapoteleza kwenye utelezi wa masika, mguu ukarushwa mbele kabla mwili haujafika chini. Ndiyo maana mzee mmoja huteleza akayumba na kuendelea na safari, na mwingine huteleza pale pale akavunjika nyonga.

Hospitali zina vipimo vyake, lakini nyumbani kwetu dalili zinajulikana bila kipimo. Kuna yule anayeanza kuogopa choo cha kuchuchumaa, kwa sababu kushuka ni rahisi na kuinuka hakuna pa kushika. Kuna anayemaliza sijda na kulazimika kuweka mkono chini ili anyanyuke, kisha siku moja anaomba kiti msikitini. Kuna anayeacha kukaa mkekani na wenzake msibani. Ngazi ya daladala inakuwa ndefu, na ndoo ya maji inasubiri mjukuu atoke shule. Kila moja ya dalili hizi hupokewa kwa neno lile lile, uzee, kana kwamba hapo hakuna la kufanya.

Ukitaka kujipima, kaa kwenye kiti cha kawaida kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, kisha simama na kukaa mara tano haraka uwezavyo. Wataalamu wa Ulaya waliokubaliana vigezo vya udhaifu wa misuli mwaka 2019 waliweka mpaka kwenye sekunde 15. Anayezidi hapo ana sababu ya kuanza wiki hii.

Tanzania haijalala kuhusu mazoezi. Mwezi Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, ili kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Vikundi vya jogging vimeenea mijini, na kuna watu wengi wa makamo ambao presha na sukari zao zimetulia kwa sababu ya kutembea na kukimbia polepole. Nawapongeza wote. Tatizo ni kwamba kutembea barabara tambarare hakuupi msuli wa paja sababu ya kukua, kwa kuwa mzigo ni ule ule wa jana na juzi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya kutembea na mengine ya namna hiyo dakika 150 hadi 300 kwa wiki, kisha linaongeza mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili, na mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu za kila siku angalau siku tatu. Kwetu sehemu ya kwanza imesikika. Hiyo nyingine haijafika mitaani.

Ushahidi wa sehemu hiyo nyingine si wa jana. Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya Boston, Marekani, katika makao ya wazee. Waliwachukua watu kumi dhaifu waliokuwa na wastani wa miaka 90. Kwa wiki nane watu hao walinyanyua uzito kwa miguu mara tatu kwa wiki, uzito mzito kweli kwa kila mmoja wao. Waliofika mwisho walikuwa tisa, na nguvu za mapaja yao zilipanda kwa wastani wa asilimia 174. Mtu wa miaka 90! Mwaka 1994 timu hiyo ilirudia kwa wazee 100, na mara hii ikalinganisha mazoezi na kinywaji cha lishe. Waliofanya mazoezi waliongeza nguvu zaidi ya mara mbili na kupanda ngazi kwa uwezo mkubwa zaidi. Kinywaji peke yake, bila mazoezi, hakikusaidia. Nalitaja hilo kwa sababu siku hizi mzee akidhoofika jambo la kwanza watoto wanalomletea ni kopo la unga wa lishe kutoka dukani.

Kwa wanawake kuna habari ninayopenda zaidi, kutoka Chuo Kikuu cha Griffith huko Australia, iliyochapishwa mwaka 2018. Wanawake 101 waliokwisha koma hedhi, wenye mifupa iliyopungua uzito, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi mepesi nyumbani. La pili lilinyanyua uzito mkubwa chini ya uangalizi: kuinua mzigo kutoka chini, kuchuchumaa na mzigo, kuusukuma juu ya kichwa, na kuruka. Ilikuwa nusu saa, mara mbili kwa wiki, kwa miezi minane. Mifupa ya kiuno ya kundi la uzito mkubwa iliongezeka kwa asilimia 2.9, na ya kundi la mazoezi mepesi ikapungua kwa asilimia 1.2. Kila mama anayeambiwa asiinue kitu kizito kwa sababu mifupa yake imechoka angepaswa kusikia habari hii kutoka kwa daktari wake.

Na Denmark walitaka kujua kama faida hubaki. Waliwafuata watu 451 walio kwenye umri wa kustaafu. Waliofanya mazoezi mazito kwa mwaka mmoja walionekana, miaka minne tangu kuanza, bado wamehifadhi nguvu za miguu, huku makundi mengine mawili yaliyolinganishwa nao yakiwa yamepungukiwa. Mwaka mmoja wa kujituma ulilipa miaka kadhaa.

Turudi mlimani, maana nasikia msomaji akisema: basi mstaafu apewe jembe. Hapana, na hapa wengi wanateleza.

Mzigo wa akina mama wa Afrika Mashariki umewahi kuwashangaza wanasayansi. Mwaka 1986 Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti juu ya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu, hao wa kwanza wakibeba kichwani na hao wengine mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Waliona kwamba wanawake hao wanaweza kubeba mzigo wa hadi sehemu ya tano ya uzito wao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Ni ufundi unaojengwa tangu utotoni, na mtu mzima aliyezoea kubeba begi mgongoni hana. Naona heshima kubwa katika matokeo hayo. Lakini yanaonyesha pia mwili unavyojifunza kuubeba mzigo wa kila siku kwa gharama ndogo kabisa. Anayefanya mazoezi anataka kinyume chake: anataka mwili ushtuke kidogo, upumzike, ukajijenge, kisha ushtuliwe tena.

Mwanamke wa mlimani hapati nafasi ya kupumzika. Atapanda akiwa anaumwa, atalima akiwa mjamzito, atashuka na ndizi siku ambayo shingo imekakamaa. Kubeba mizigo mizito kichwani miaka yote kumehusishwa na maumivu ya shingo na mgongo, na anayebeba hachagui uzito. Soko na ada za shule humchagulia. Waluguru wenyewe wanajua tofauti ya kazi na adhabu. Mwaka 1955 walisimama kupinga amri za utawala wa Kiingereza za kuchimba matuta mlimani, kazi ngumu waliyolazimishwa bila kuona faida yake. Sitaki mtu aniambie kwamba maisha ya bibi yule ni jimu ya bure. Anachotuonyesha ni kwamba miguu ya miaka 65 inaweza kubeba. Programu nzuri huchukua mzigo, na kuongeza vitu viwili ambavyo yeye amenyimwa, yaani kuchagua uzito na kupumzika.

Kuna funzo jingine dogo kutoka kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Watafiti waliowafungia vipimo walichapisha mwaka 2020 kwamba hukaa bila kufanya kazi karibu saa kumi kwa siku, sawa na watu wa mijini. Tofauti ni namna ya kukaa. Sehemu ya muda huo huchuchumaa au kupiga magoti, na misuli ya miguu inabaki na kazi. Kigoda na mkeka vilifanya kazi hiyo kwetu kabla ya makochi.

Sasa programu yenyewe. Watafiti wa Norway na Marekani walipitia tafiti za mazoezi ya kuokoa muda na kuchapisha hitimisho lao mwaka 2021. Kwa anayekosa muda, kila kundi kubwa la misuli linahitaji raundi zisizopungua nne kwa wiki, kila raundi ikiwa na marudio kati ya 6 na 15, kwa mazoezi yanayotumia viungo vingi kwa pamoja. Yale ya kukunja kiwiko mbele ya kioo yaachwe. Kinachotakiwa ni zoezi moja la miguu, moja la kusukuma, moja la kuvuta. Ukifanya raundi mbili Jumanne na mbili Ijumaa, hesabu imetimia.

Mimi huwaongezea wazee wenzangu mawili, kuinua kutoka chini na kubeba huku unatembea, kwa sababu ndiyo maisha yenyewe. Vifaa vinapatikana katika kila nyumba ya Morogoro. Dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5, la lita 10 ni kilo 10, ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Ukijaza mchanga mkavu badala ya maji, ndoo ileile inavuka kilo 30. Ni uzito unaoweza kuongezwa lita moja moja, jambo ambalo hata vyuma vingi vya jimu haviwezi. Vijana wa mitaani wana vyuma vyao vya zege, makopo ya rangi yaliyomiminwa saruji na kuunganishwa kwa bomba, na vinafaa sana, ila vipimwe kwanza kwenye mizani ya muuza mahindi. Upande mmoja mara nyingi huzidi mwingine.

Kuchuchumaa huanzia kwenye kiti. Simama, kaa taratibu kwa kuhesabu tatu, gusa, inuka bila mikono. Ukifikisha marudio 15 bila kuhangaika, kumbatia dumu la lita 5 kifuani. Baadaye kiti kinabadilishwa kuwa kigoda, na dumu linakua. Kuinua kutoka chini hufanywa kwa ndoo mbili zilizowekwa kando ya miguu: matako yanarudi nyuma, mgongo umenyooka, unasimama nazo, unazirudisha chini kwa utulivu. Mshikio wa ndoo hukata vidole, uviringie kipande cha khanga. Ambaye hawezi kufika chini aweke ndoo juu ya matofali mawili kila upande.

Kusukuma na kuvuta vifanywe kwa zamu, hapo ndipo muda unaokolewa. Pushapu zianzie ukutani, zihamie ukingo wa meza imara, na siku moja zishuke sakafuni. Ukimaliza raundi, usikae. Egemea kiti kwa mkono mmoja, na kwa mwingine vuta dumu hadi ubavuni. Kifua kinapumzika mgongo ukifanya kazi. Kisha malizia kwa kubeba: ndoo moja kila mkono, kifua mbele, zunguka ua mpaka vidole viseme vimechoka. Kipimo cha nguvu za mshiko si cha kudharau. Utafiti mkubwa wa nchi 17, uliochapishwa mwaka 2015 na kuhusisha watu karibu 140,000, Zimbabwe ikiwemo, uliona kwamba kila kilo 5 zilizopungua kwenye mshiko ziliendana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa.

Raundi ya kwanza ya kila zoezi iwe nyepesi, ya kupasha mwili, na isihesabiwe. Katika zinazohesabiwa, acha pale unapohisi yamebaki marudio mawili. Ukishuka ukiwa na kumi tele mfukoni, umecheza tu. Nunua daftari la shule, andika tarehe, uzito na marudio. Daftari ndilo litakalokuambia kama unakua, maana kumbukumbu ya mtu juu ya nguvu zake mwenyewe ni ya upendeleo. Kwa joto la Morogoro la Desemba hadi Februari, fanya asubuhi na mapema.

Tahadhari zipo, na ni za kweli. Mwenye presha isiyotulia, maumivu ya kifua, kisukari kinachotumia sindano au macho yenye matatizo ya mishipa aanzie kwa daktari. Usibane pumzi unapoinua. Toa pumzi wakati wa kupanda, kwani kubana hupandisha presha ghafla. Misuli kuuma siku ya pili ni kawaida. Maumivu makali ndani ya kiungo ni amri ya kusimama. Yale mazoezi ya Australia yalikuwa na wasimamizi muda wote, kwa hiyo mama mwenye mifupa dhaifu asikimbilie ndoo ya mchanga peke yake.

Chakula nacho. Mwili wa mzee unahitaji protini zaidi ya wa kijana ili ujenge kiasi kilekile cha misuli. Wataalamu wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 atafute gramu 60 na kidogo zaidi. Ugali na mboga za majani pekee havitoshi. Maharage ya kutosha, dagaa, mayai na karanga vinapatikana sokoni kwa bei ambayo wengi wanaimudu, mradi vigawanywe katika milo yote, visirundikwe usiku.

Kikwazo kikubwa hata hivyo hakiko mwilini. Kiko katika upendo. Mama akishika ndoo, mabinti wawili wanaruka kumpokea: kaa mama, tutabeba sisi. Baba akiinama kuokota kuni, mjukuu amefika. Ni adabu nzuri na sitaki ipotee. Lakini kila mzigo tunaomnyang'anya mzee kwa heshima ni raundi moja ya mazoezi aliyokosa, na baada ya miaka michache ya heshima hiyo anakuwa kweli hawezi kubeba. Mtoto anayempenda mzazi wake amwachie dumu la lita 5, asimame karibu, na amshike tu akiyumba. Akina mama wengi hawajisikii huru kwenye jimu zilizojaa vijana, na sioni sababu ya kuwalazimisha wakati uani pana nafasi, na jirani wa rika lao anaweza kuja na ndoo zake.

Ninalo pendekezo la wazi. Mifuko ya hifadhi ya jamii huandaa semina kwa wanaokaribia kustaafu, na mazungumzo huwa ya mafao, uwekezaji, ufugaji wa kuku, nyumba ya kupangisha. Iongezwe saa moja, kiti na ndoo mbili, mkufunzi amwone kila mshiriki akisimama mara tano, na amfundishe kuinua mzigo kutoka chini. Vikundi vya jogging navyo, vinapomaliza mzunguko wake Jumamosi, visitawanyike mara moja. Madumu yajazwe bombani, vijana wabaki kusimamia, na wenye miaka 60 na zaidi wapewe dakika ishirini za kwanza.